Somo: Tovuti ya biashara ndogo – uliza kwanza utahamaje

Habari za jioni, wanachama. Swali la "Wix au WordPress?", yaani nyenzo gani ya kutengenezea tovuti, limekuja mara nyingi, na wengi mnalianzia kwenye bei na uzuri wa violezo, ile miundo iliyo tayari. Naomba muanzie kwingine: siku ukikosana na uliyemlipa, au bei ikipanda, au kampuni ikifungwa, unaondoka na nini mkononi? Fundi wa samani wa Keko aliyejulikana kwa jina moja miaka yote hastahili kulipoteza kwa sababu tu kijana aliyemtengenezea tovuti hapatikani kwenye simu. Swali hilo ndilo lililonipangia hatua zote hizi.

Hatua ya 1: Jina liwe lako

Kikoa, au domeini kama tunavyosema wengi, yaani jina la anwani ya tovuti yako, ndicho kitu cha kwanza kununua na cha mwisho kumwachia mtu mwingine. Programu utabadilisha, hostingi (nafasi ya kukodi kwenye seva, kompyuta inayoweka tovuti yako hewani) utahama, ila jina ndilo lililoandikwa kwenye kadi, kwenye kibao cha dukani na kwenye risiti. Kwa biashara ya hapa Tanzania, domeini inayoishia na .co.tz inafaa sana, na inapatikana kupitia wasajili walioidhinishwa.

Hakikisha mambo mawili. Kwanza, mmiliki anayeandikwa kwenye usajili awe wewe au biashara yako kama ilivyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), siyo fundi wa tovuti. Mafundi wengi husajili kwa majina yao kwa sababu ni haraka tu, bila nia mbaya, lakini matokeo ni yale yale. Pili, barua pepe ya akaunti ya usajili isiwe ile inayotumia domeini hiyo hiyo. Domeini ikiisha muda, barua pepe yake nayo inakufa, na ukumbusho wa kulipia hautakufikia. Weka Gmail yako unayoifungua kila siku.

Jambo lingine: domeini na hostingi ni vitu viwili. Unaweza kusajili huku na kuhifadhi tovuti kule. Vinaunganishwa na neimseva, mistari michache unayojaza kwenye akaunti ya domeini. Ukilielewa hili, nusu ya woga wa kuhama unakwisha.

Hatua ya 2: Programu

Hapa ndipo pa kutulia. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni huduma kama Wix, Squarespace na Shopify. Unalipa kwa mwezi au mwaka, unaburuta picha na maneno, na wao wanashughulika na seva, usalama na masasisho. Kwa mtu asiye na muda, ni raha ya kweli. Ila ni kama fremu ya kupanga Kariakoo ambayo rafu, taa na mlango ni vya mwenye nyumba: ukitoka, unatoka na bidhaa zako tu. Tovuti ya Wix huwezi kuichukua ilivyo ukaiweka kwenye seva nyingine, utaijenga upya. Shopify inakuruhusu kutoa orodha ya bidhaa kwenye faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel), jambo zuri, lakini muonekano unabaki kwao. Halafu malipo ni kwa dola, kwa kadi. Shilingi ikishuka, gharama yako inapanda bila wewe kuongeza chochote.

Ya pili ni WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Msiichanganye na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni ya Automattic. Ninayoisema ni ile inayopatikana bure WordPress.org, unayoiweka kwenye hostingi yoyote. Ukihama unabeba vitu viwili, mafaili na hifadhidata (ghala la maandishi na taarifa za tovuti), na tovuti inafunguka kwingine ikiwa vile vile. Ukitaka duka, unaongeza WooCommerce, plagini ya kuuzia bidhaa. Gharama yake ni uangalizi: masasisho ya programu, themu (muonekano wa tovuti) na plagini (programu ndogo za kuongezea kazi) ni kazi yako. Plagini iliyoachwa bila kusasishwa ndiyo mlango wanaoupenda wadukuzi. Weka chache, na usiguse kabisa themu za kulipia zinazogawiwa "bure" kwenye magrupu, kwa sababu nyingi huja na virusi ndani.

Msimamo wangu: kama kuna mtu wa kuitazama tovuti walau mara moja kwa wiki, chukua WordPress. Kama hayupo kabisa, chukua huduma ya kulipia, lakini maandishi na picha zote zitunze pia kwenye kompyuta yako.

Hatua ya 3: Hostingi

Hostingi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hutumia seva moja, ile ndogo yenye cPanel (ukurasa wa kuisimamia), inawatosha karibu nyote. Usisome bei ya mwaka wa kwanza. Soma bei ya kulipia upya, maana ndiyo utakayoishi nayo. Neno "bila kikomo" lina kikomo, mara nyingi kwenye idadi ya mafaili. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 bado inaruhusu takriban saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka. Cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano kati ya mteja na tovuti, kisikugharimu: Let's Encrypt wanakitoa bure na hostingi nzuri hukihuisha yenyewe.

Seva iwe hapa au Ulaya? Mwezi Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, tuliona wote intaneti ilivyozorota. Tovuti iliyo kwenye seva ya hapa hapa ina nafasi nzuri zaidi ya kuwafikia wateja wa hapa siku kama hizo. Ila seva ya karibu yenye huduma mbovu haikusaidii. Kabla ya kulipa, watumie swali la kiufundi saa mbili usiku uone kama wanajibu.

Hatua ya 4: Jaribu mlango kabla ya kuingia

Waulize wenye hostingi: nakala rudufu (nakala za akiba za tovuti) zinachukuliwa kila baada ya muda gani, na naweza kuzipakua mwenyewe? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, achana nao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye duka la vitenge, Kariakoo: Kaka, wateja wangu wote wako Instagram na WhatsApp. Tovuti ya nini?

Jibu: Huenda leo huihitaji kubwa, dada. Sajili jina lako sasa kabla mwingine hajalichukua, kisha weka ukurasa mmoja: unauza nini, duka liko mtaa gani, na kiungo cha wa.me/255 kikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Akaunti ya Instagram ikifungwa, wateja watakuwa na pa kukutafuta. Picha zipunguze uzito, wateja wanatumia bando.

Mwenye saluni, Sinza: Shikamoo mwalimu. Fundi wangu anasema domeini ikae kwake kwa usalama, nimlipe kila mwaka.

Jibu: Marahaba. Mwombe kwa upole abadilishe mmiliki iwe wewe. Yeye anaweza kubaki msimamizi wa kiufundi. Fundi mwaminifu hatakataa. Akikataa, usimlipe kazi mpya mpaka hilo liishe.

Fundi samani, Keko: Mteja anaweza kulipa kwa M-Pesa palepale kwenye tovuti?

Jibu: Ndiyo, kupitia kampuni za malipo kama Selcom au Pesapal, watataka nyaraka za biashara na watakata ada kwa kila muamala. Lakini wewe unauza makabati ya kuagiza, na bei mnakubaliana kwanza. Weka lipa namba kwenye ankara, inatosha kwa sasa.

Mpishi wa keki, Mbagala: Hostingi ya bure je?

Jibu: Ya kujifunzia, sawa. Ya biashara, hapana.

Mwenye duka la dawa, Tabata: Fomu yangu inaomba jina, simu na maelezo ya ugonjwa. Kuna shida?

Jibu: Ipo, ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zina ulinzi mkali zaidi. Wasiliana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili. Wakati huo, ondoa sehemu ya ugonjwa leo hii. Mwombe mteja simu tu, mengine mzungumze naye dukani.