Kupanga safari ya Machu Picchu: anza na tiketi ya getini, ndege baadaye

Juzi nimemsaidia shemeji kupanga safari yake ya Peru kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka juu mlimani, na maswali aliyoniuliza ndiyo yaleyale yaliyonisumbua mimi. Nimeona niyaandike.

1. Chagua mwezi

Mei hadi Septemba ni kiangazi cha kule. Novemba hadi Machi ni mvua. Februari njia ya Inca, ile ya kale ya kufika huko kwa miguu, hufungwa kabisa.

2. Tiketi ya kuingia

Hapa tulia, usiwe na haraka. Watu wengi hukata ndege, wakalipia hoteli, halafu ndipo wanakumbuka tiketi ya mlimani. Wakifika huko wanakuta siku yao imejaa. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, na tiketi ina tarehe, saa na njia yake. Kwa Juni hadi Agosti nunua miezi kadhaa kabla, kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Peru. Mimi siwapendi mawakala kwa kazi hii. Yule niliyemtumia mara ya kwanza aliniandikia "tiketi ya Machu Picchu" bila kutaja njia, nami sikuuliza.

Tangu 2024 kuna mizunguko 3, nayo imegawanyika katika njia 10. Mzunguko wa 1 unakupandisha kwenye matuta ya juu, unapata ile picha inayojulikana duniani kote, lakini huingii mjini. Ndio niliouziwa mimi. Nilisimama juu nikiutazama mji mzima chini yangu, kuta zisizo na paa na majani mabichi katikati, nikamwomba mlinzi anionyeshe pa kushukia. Akanyoosha mkono kuelekea njia ya kutokea. Kule unakwenda mbele tu, hurudi nyuma, na ukishatoka huingii tena. Nilisafiri siku mbili, na sikuugusa hata ukuta mmoja wa mji wenyewe.

Mzunguko wa 2 unakupa picha na mji pia. Kama ni mara yako ya kwanza, chukua huo. Wa 3 unapita sehemu za chini, karibu na Hekalu la Jua, na humo ndimo wanamopita wanaopanda kilele cha Huayna Picchu. Ni mzuri, ila picha ya juu huipati.

Ukikosa kabisa, zipo tiketi zinazouzwa ana kwa ana katika mji wa Aguas Calientes, chini ya mlima. Utalala huko usiku mmoja zaidi, na foleni ni ndefu. Usiifanye iwe ndiyo mpango wako.

Halafu majina. Wenzetu wa Peru wana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Sisi tuna letu, la baba na la babu. Usikisie: fungua pasipoti mezani, jina la ukoo liingize penye *apellidos*, mengine penye *nombres*, herufi kwa herufi. Namba ya pasipoti isome kwa sauti mara mbili. Getini wanataka pasipoti halisi, nakala haitoshi.

3. Treni

Treni ya kwenda Aguas Calientes ipandie mji wa Ollantaytambo, si Cusco, mji unakotua kwa ndege. Barabara ya gari haifiki Aguas Calientes. Acha nafasi ya kutosha kati ya treni na saa ya tiketi yako, maana kutoka mjini hadi getini ni karibu nusu saa kwa basi.

4. Mwinuko

Cusco iko mita 3,400 hivi. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hapo umeshaipita Mandara na unakaribia Horombo, nawe umefika kwa ndege bila kupumzika njiani. Ukitua, teremka siku hiyohiyo Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale huko. Machu Picchu yenyewe ni 2,430, kwa hiyo Cusco iache mwisho. Shemeji alifuata hivyo na kichwa hakikumuuma. Chai ya majani ya koka utapewa kila mahali, kunywa. Majani yenyewe usiyabebe kurudi nayo: nchi nyingi zinayahesabu ni dawa za kulevya.

5. Siku yenyewe

Begi dogo, maji, koti la mvua. Choo kiko nje ya geti, kwa hiyo nenda kabla hujaingia.