Kupiga hesabu za nyenzo, momenti na kazi bila kukosea umbali

Kanuni za nyenzo (wenzo ni fimbo inayozunguka kwenye egemeo, yaani mahali inapoegemea) ni fupi, lakini majibu yake hukosewa kila siku. Mara nyingi kosa haliko kwenye kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta), liko kwenye umbali: umepimwa kutoka mahali pasipo penyewe, au umepimwa kwa mshazari. Basi shika rula kwanza, kikokotoo kitafuata.

Momenti ni kani mara umbali kati ya egemeo na mstari wa kani, na umbali huo lazima ukutane na mstari wa kani kwa pembemraba. Kipimo chake ni nyutoni mita (N m). Wenzo ukitulia, momenti zinazouzungusha kufuata saa zinalingana na zile zinazouzungusha kinyume cha saa. Kilichobaki ni kujua kipi kinaingia upande upi.

Kuinua jiwe kwa mtaimbo

Chukua bamba la jiwe la kilo 180, lenye unene sawa kote, limelala chini. Unataka kuinua ukingo wake mmoja upitishe kamba. Una mtaimbo wa mita 1.5 na kigogo cha mbao cha kuwa egemeo.

1. Tafuta mzigo halisi. Kila kilo huvutwa chini kwa karibu 9.8 N, kwa hiyo uzito wa jiwe ni 180 × 9.8 = 1764 N. Lakini ukingo wa pili bado umelala ardhini na unabeba nusu, kwa hiyo ncha ya mtaimbo inabeba 882 N. Ukiingiza 1764, jibu lako litakuwa mara mbili ya ukweli.
2. Pima mikono ya wenzo, yaani umbali kutoka egemeo hadi kila kani. Egemeo likiwa sm 15 kutoka ncha iliyo chini ya jiwe, mkono wa mzigo ni 0.15 m. Ukishika mwisho kabisa wa mtaimbo, mkono wa jitihada (nguvu unayosukuma nayo) ni 1.35 m, si 1.5.
3. Sawazisha momenti: 882 × 0.15 = jitihada × 1.35. Jitihada ni 98 N, karibu sawa na uzito wa ndoo yenye lita 10 za maji.

Hapo mtaimbo wenyewe umehesabiwa kama hauna uzito. Kama una kilo 8, uzito wake ni 78.4 N, nao unafanya kazi katikati ya chuma, yaani 0.60 m kutoka egemeo, upande wako. Momenti yake ni 47 N m, na inakusaidia. Mzigo unadai 132.3 N m; ukitoa 47 zinabaki kama 85.3, na ukigawa kwa 1.35 unapata 63 N. Tofauti ya 98 na 63 si ndogo. Kwenye mtaimbo mzito, kuacha uzito wake nje ya hesabu ni uvivu tu.

Sasa sogeza egemeo sm 5 mbali na jiwe. Mikono inakuwa 0.20 m na 1.30 m, na jitihada (bila uzito wa mtaimbo) inapanda kutoka 98 hadi karibu 136 N. Sentimita tano zimeongeza zaidi ya theluthi moja ya nguvu unayohitaji. Ndiyo maana ukiona jiwe linagoma, sogeza egemeo karibu na mzigo kabla hujamwita mtu wa pili.

Egemeo lenyewe ndilo linaloumia zaidi. Linabeba mzigo na jitihada kwa pamoja: 882 + 98 = 980 N, au ukihesabu uzito wa mtaimbo, 882 + 63 + 78.4, karibu 1023 N. Kwenye udongo laini kigogo kitadidimia: mkono wako unashuka, jiwe halipandi. Weka ubao mpana chini yake. Usitumie jiwe la duara, kwa sababu mtaimbo ukiinama litabingirika na mkono wa mzigo utabadilika ukiwa katikati ya kunyanyua. Vidole visiingie chini ya jiwe wakati wowote. Ingiza kabari kila linapopanda kidogo.

Kazi haipungui

Kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo, na hupimwa kwa jouli (J). Ukingo wa jiwe ukipanda sm 5, mkono wako umeshuka mara 9 ya hapo, yaani sm 45. Kazi uliyofanya ni 98 × 0.45 = 44.1 J. Kazi iliyopokelewa na jiwe ni 882 × 0.05 = 44.1 J. Unaweza kuihakiki kwa njia ya tatu: kitovu cha uzito wa jiwe kimepanda sm 2.5 tu, na 1764 × 0.025 ni 44.1 J vilevile. Njia hizo zikikataa kukubaliana, rudi kwenye umbali.

Kwa vitendo utasukuma zaidi, kwa sababu ya msuguano na mbao kubonyea. Ikihitajika 110 N mahali pa 98, umetoa 49.5 J na jiwe limepata 44.1 J. Ufanisi ni asilimia 89.

Pembe inaingia hapa pia. Ukivuta sanduku sakafuni kwa kamba iliyoinuka nyuzi 30, kwa kani ya 100 N, umbali wa mita 6, kazi yako si 600 J. Zidisha kwa kosaini ya nyuzi 30, yaani 0.866, upate karibu 520 J. Kama mwendo haubadiliki, msuguano umefanya kazi ya −520 J na jumla ni sifuri. Uzito wa sanduku haukufanya kazi yoyote, maana halikupanda wala kushuka.

Spana: momenti bila kazi

Spana ya sm 25 ikisukumwa kwa 200 N kwa pembemraba inatoa 50 N m. Ukisukuma kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mpini, umbali halisi hadi mstari wa kani ni sm 12.5, na momenti inashuka hadi 25 N m. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nguvu, geuza spana ikae vizuri. Kuchomeka bomba lifikishe mpini sm 50 kutaongeza momenti mara mbili, 100 N m, na boliti itaipata yote hata kama mkono wako hausikii tofauti. Hivyo ndivyo boliti zinavyokatika.

Boliti isipozunguka, momenti ni 50 N m na kazi ni sifuri, hata ukitokwa jasho. Ikizunguka robo mzunguko, kazi ni momenti mara pembe kwa radiani (robo mzunguko ni radiani 1.57): 50 × 1.57, karibu 78.5 J. Ndiyo sababu momenti haiandikwi kwa jouli.

Jaribio la mezani: kupima rula bila mizani

Tafuta kwanza mahali rula ya mita moja inapotulia juu ya ukingo mwembamba. Usidhani ni sm 50 kamili. Tuseme ni 50.2. Sogeza egemeo hadi 30.0, kisha ning'iniza gramu 100 upande mfupi kwa kitanzi cha uzi, ukikisogeza hadi rula ilale usawa. Kikitulia kwenye 7.8, mkono wa gramu 100 ni 22.2 na mkono wa rula ni 20.2. Tungamo la rula ni 100 × 22.2 ÷ 20.2, karibu gramu 110. Gramu zinatosha hapa, kwa kuwa 9.8 ipo pande zote mbili na inajifuta.

Epuka umbali mfupi. Kosa la milimita 1 kwenye sm 22 halifiki nusu asilimia, lakini kwenye sm 2 ni asilimia 5. Soma alama mahali uzi unapogusa rula, si pale jiwe la mizani linaponing'inia, na zima feni kabla ya kuanza.