SOMO: Matumbawe ya kikombe kimoja kutoka kilindini, jinsi ya kuyatambua na kuyarekodi (Mtwara na Lindi)

Wakuu salaam. Napokea picha ya "kijiwe chenye mistari" juu ya kiganja cha mtu, swali ni lile lile: hii nini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Tunazungumzia matumbawe magumu ambayo kila mnyama anajijengea kikombe chake peke yake, hajengi mwamba na wenzake. Mwilini hayana mwani kama ndugu zao wa mwambani, kwa hiyo hayategemei jua. Yapo ya mita 50, na yapo yaliyopatikana chini ya mita 6,000. Pwani yetu, hasa upande wa Msimbati, bahari inazama haraka, ndiyo maana jarife na mishipi huyapandisha.

1. Kibali. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe pori. Na ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hata kilichokufa usikiokote bila ruhusa ya hifadhi.

2. Picha kikiwa kibichi. Juu, ubavuni, chini. Weka rula.

3. Nyama. Kama bado ina nyama, kata kipande kidogo, tia kwenye etanoli ya asilimia 95 kwenda juu. Spiriti ya dukani yenye rangi, hapana.

4. Kusafisha. Loweka kwenye dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji, suuza mara kadhaa, anika kivulini. USITUMIE NDIMU WALA SIKI. Kikombe chote ni chokaa, na tindikali inakula chokaa. Vile vimeno vya ukingoni unavyovihitaji kwa utambuzi ndivyo vinavyotangulia kuyeyuka. Fomalini (dawa ya kuhifadhia maiti) isiyozimwa tindikali yake nayo inakula hivyo hivyo, polepole.

5. Hesabu septa. Hizi ni kuta nyembamba zinazotoka ukingoni kwenda katikati. Kwa kawaida huja kwa awamu: 6, kisha 6, kisha 12, kisha 24. Jumla inakuwa 6, 12, 24, 48, na ikiendelea 96. Andika idadi na awamu zake.

6. Jamii. Angalia ukuta wa nje kwanza.
Una vitundu kama sifongo: familia ya Dendrophylliidae, mfano Balanophyllia.
Umefumba, kikombe kimebanwa kama feni: Flabellum. Kama chini kimekatika kwa mstari ulionyooka, kikaacha kovu: Truncatoflabellum.
Umefumba, na ndani kuna duara la vijiti vidogo (pali) mbele ya septa, katikati pana utepe uliosokotwa: Caryophyllia.
Kama tarumbeta, septa zimechomoza juu ya ukingo, pali hakuna: Desmophyllum.
Sahani nyembamba isiyoshika mwamba: anza na Fungiacyathus, Deltocyathus na Stephanocyathus. Usichanganye na Fungia, lile sahani kubwa la mwambani unaloliona ukizamia pweza.
Ukifika kwenye jenasi (jina la kwanza la kisayansi, kama haya ya hapo juu), simama. Jina la spishi waachie wenye vielelezo vya kulinganisha.

7. Kurekodi mahali. Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Kina ni namba mbili, kidogo zaidi na kikubwa zaidi. Jarife limelala kwenye mteremko, ncha moja mita 80, nyingine mita 140. Tumbawe limenasa wapi, hakuna ajuaye. Andika 80–140. Ukiandika wastani umetunga. Nahodha akikwambia "pima sabini", kitabuni pima ni mita 1.83, lakini yeye anapima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Mwombe anyooshe, upime kwa futi kamba. Tena mshipi ukisukumwa na mkondo unalala, kamba iliyotoka inakuwa ndefu kuliko kina. Hiyo iandike kama kina kikubwa kabisa, na useme imetokana na kamba.

Kina usichokijua, acha wazi. Usiweke sifuri. Sifuri inasomeka kwamba tumbawe limeokotwa juu ya maji.

Andika kama lilikuwa hai au limekufa. Kwenye mteremko kama wetu kikombe kilichokufa kinaweza kubingirika mbali na alikoishi mnyama. Cha ufukweni usikihesabu kabisa kama makazi.

Latitudo yetu ni ya kusini, inaanza na alama ya kutoa. Mtwara mjini ni karibu −10.27, 40.18. Ukisahau hiyo alama, tumbawe lako limehamia Ethiopia. Mifumo ya kupimia mahali nayo hutofautiana: simu inatumia WGS84, ramani nyingi za zamani za serikali zinatumia Arc 1960. Tofauti ni kama mita 300, na hapa kwetu mita 300 zinaweza kukutoa maji ya wastani zikakutupa kilindini. Taja umetumia ipi.

Jina lihakiki kwenye WoRMS (orodha ya mtandaoni ya majina ya viumbe wa baharini), rekodi ipeleke OBIS (hazina ya mtandaoni ya rekodi za viumbe hao).

---

Kipara_Sudi: Mkuu hii aina gani? (picha)

Jibu: Kina? Imeletwa na chombo gani? Rula iko wapi? Hatua ya 2 na ya 7.

Kipara_Sudi: Nimeuliza jina tu jamani, mbona ukali.

Jibu: Picha ni ya ubavuni peke yake, septa hazionekani. Nikikupa jina nitakuwa nimebahatisha, na kesho limo kwenye orodha ya mtu. Sitoi.

Binti_Mikindani: Shikamoo mwalimu. Langu limevunjika nusu, septa nitahesabuje?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Huhitaji kikombe kizima. Tafuta septa mbili kubwa za awamu ya kwanza zilizo jirani, hesabu zilizo katikati yao. Ukipata 7 (moja ya pili, mbili za tatu, nne za nne), basi 8 mara 6, ni 48. Ila hesabu nafasi mbili za namna hiyo, na hiyo mara 6 usiichukulie kuwa lazima, kwa sababu baadhi ya Caryophyllia huenda kwa kumi kumi badala ya sita, na Flabellum septa za awamu ya kwanza na ya pili huweza kulingana ukubwa zikakuchanganya.

Bahari_Hela: Bei gani kwa kilo?

Jibu: Hatua ya 1.

Mjukuu_wa_Mgao: Bibi anasafisha simbi kwa ndimu na zinang'aa kweli.

Jibu: Zinang'aa kwa sababu tabaka la juu limeyeyuka. Simbi ni pambo, bibi hana kosa. Wewe unahesabu vimeno.

Mjukuu_wa_Mgao: Sawa. Kuna kengine kadogo nimekaona mchangani maji yakiwa kiunoni, chini kana tundu, na kanasogea! Nako ni haka?

Jibu: Umeona jambo zuri. Si wa kilindini huyo. Mle tunduni anaishi mnyoo, Aspidosiphon, anayelikokota tumbawe lisifukiwe na mchanga, naye anapata nyumba. Ukuta ukiwa na vitundu ni Heteropsammia, ukiwa umefumba na una mbavu ni Heterocyathus. Kapige picha, karudishe.

Binti_Mikindani: Kuna waliowahi kurekodi upande huu wa Afrika kabla yetu?

Jibu: Wapo. Meli ya Kijerumani Valdivia ilipita pwani ya Afrika Mashariki katika safari ya 1898–1899, matumbawe yake akayaandika Marenzeller mwaka 1904. Kisha Mabahiss ya Misri, 1933–1934, ikafika hadi Zanzibar. Hayo waliyaandika Gardiner na Waugh. Anza na hao.

Kipara_Sudi: Nimerudi. Jarife, mita 60 hadi 110 kwa kamba, lilikuwa na nyama. Picha tatu, rula ipo. Ila lebo ndani ya chupa imefutika yote.

Jibu: Uliandika kwa kalamu ya wino, etanoli inaufuta. Tumia penseli, karatasi ikae ndani na nyingine nje. Picha ya juu imekaa vizuri: feni, ukuta umefumba, kovu silioni. Rekodi Flabellum, ishia hapo.