Haki ya mvuvi kwa watoto wa darasa la nne

Walimu wenzangu, mnapofundisha mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu jamii, msianze na maneno mazito kama mshikamano au manufaa ya wote. Mtoto wa hapa Malindi anaijua bahari, basi anzeni hapo. Mimi huja na mahamri kumi na mawili: mtoto mmoja awe mwenye mashua, wanne wavuvi, mmoja mchuuzi. Mwenye mashua agawe apendavyo. Makelele yatazuka tu: "Mwalimu, huyu kachukua manane!" Waacheni wabishane, msikimbilie kutoa jibu. Wapange mgao upya wenyewe, na waulizeni: mchuuzi ambaye hakuvua anastahili nini?

Hapo ndipo muwaambie kuwa mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake *Rerum Novarum*, alitetea ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi. Watasikiliza, maana dhuluma wameshaionja.

Mazingira ni rahisi zaidi. Wapelekeni ufuoni na magunia waokote plastiki, kisha mtaje *Laudato Si'*, waraka wa Papa Francis wa 2015 kuhusu kutunza mazingira.

Wanafunzi Waislamu msiwatoe nje, nawasihi. Heshima ya binadamu haiulizi dini, na kuhusu zaka wana mengi ya kuwaeleza wenzao.