Kutafuta tiketi ya pointi safari zikibanwa, ukiwa Lamu

Jamani, ukitafuta tiketi ya pointi, zile unazokusanya kwa kusafiri na shirika la ndege, usiandike Manda (uwanja wa ndege wa Lamu) mpaka Amsterdam kwa mpigo mmoja, mtandao utakwambia hakuna na utavunjika moyo bure. Anza Nairobi–Amsterdam peke yake, hiyo ya Manda ilipie pesa yako tu. Fungua kalenda ya mwezi mzima, na ukikosa KQ (Kenya Airways) jaribu KLM au Air France, wote wako SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege yanayopokeana pointi.

Sasa pa kukazia macho ni masharti. 2020 wakati wa korona ndege za abiria za nje zilisimama hapa Kenya mwisho wa Machi mpaka Agosti 1, kwa hivyo kabla hujabonyeza kulipa soma kama ukighairi pointi zinarudi zote ama wanakata, na kodi je, maana hiyo mara nyingi hulipwa pesa hata kiti kikiwa cha pointi. Nchi unayobadilishia ndege nayo angalia sheria zake, wengine hukuzuia hata kama unapita tu.

Ndege nyingi za Manda zinashukia Wilson, sio JKIA, ule uwanja mkubwa wa Nairobi wa ndege za nje, na tiketi zikiwa mbalimbali ukichelewa hakuna wa kukungoja, lala Nairobi bwana. Ukikosa kabisa, chungulia tena siku za mwisho, watu hughairi.