Kabla ya Kulipia Safari ya Kilimanjaro, Hesabu Siku

Kila mwaka tarehe 9 Desemba ikikaribia, naanza kupokea ujumbe wa ndugu na marafiki wanaotaka kupanda Kilimanjaro. Sikukuu ya Uhuru ina uzito wake kule juu. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni, na Watanzania wengi wanatamani kusimama pale siku ileile. Swali la kwanza karibu kwa wote ni buti: nitapata wapi buti nzuri? Nami huwarudishia swali: umelipia siku ngapi?

Chukua njia ya Marangu, ambayo Watanzania wengi huichagua kwa sababu ina mabanda ya kulala. Mandara iko kama mita 2,720 kutoka usawa wa bahari, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ukienda bila siku ya mapumziko, kila usiku unalala mita elfu moja juu ya ulipolala jana. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kwa hiyo ratiba ya siku tano inaukimbiza mwili mara mbili ya kasi inayoshauriwa, halafu usiku wa kuamkia siku ya nne inaudai mita nyingine 1,175 hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam au Mombasa.

Mwili unaweza kulizoea hilo, ila kwa muda wake. Kwanza unapumua haraka zaidi, hata usingizini. Figo nazo zinatoa chumvi fulani mwilini ili pumzi hizo za haraka zisilete madhara, ndiyo maana utakojoa sana, nayo ni dalili njema. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa, na haina habari na misuli yako. Nimewaona vijana wanaokimbia kilomita ishirini kila Jumamosi wakitapika Kibo, na mama wa miaka hamsini na kitu aliyetembea taratibu akipiga picha kileleni.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya siku tano, kwa sababu ilikuwa nafuu na likizo ilikuwa fupi. Niliishia Gilman's Point, kwenye ukingo wa bonde la volkano, kichwa kikigonga kama kinu. Ya pili nilikaa siku sita, moja nzima nikiwa Horombo, nikapanda hadi kwenye mawe yenye mistari ya pundamilia na kurudi kulala palepale. Miguu ilikuwa ileile, tena imezeeka miaka mitatu, lakini nilifika. Ndiyo sababu nasema bila kusita: kama pesa ni kidogo, punguza kila kitu kingine ila usipunguze siku. Njia ya Marangu iwe siku sita, ya Machame saba, ya Lemosho nane ukiweza. Machame na Lemosho zina faida yake: unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini, ndivyo waongozaji wanavyosema, na ni kweli. Raia hulipa kiingilio cha hifadhi kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo siku ya ziada haituumizi kama inavyomuumiza Mjerumani. Beba kitambulisho cha taifa chenyewe, usitegemee picha iliyo kwenye simu.

Kuhusu tarehe, Desemba ni vuli. Utanyeshewa kwenye msitu, na huenda ukakuta theluji juu. Inawezekana, wengi wanafanya, lakini anayetaka anga safi aende Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika, tangu Machi hadi Mei, sikushauri.

Jambo la pili ni afya, na hapa nawaomba mnisome polepole. Orodha nyingi za vifaa vya mlimani zimeandikwa na wageni kwa ajili ya wageni, na ugonjwa wa sikoseli hazina habari nao. Sisi tunao kwenye familia zetu. Mwenye sikoseli asipande, kwa sababu upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozikunja chembe zake za damu. Na hata asiyeumwa, yule aliyerithi upande mmoja tu na hajui, yaani AS, anaweza kupata tatizo la bandama huko juu: maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu. Wengi wa AS wanapanda salama, lakini anayejua hali yake atamwambia mwongozaji, na maumivu yakianza hayatachukuliwa kuwa gesi ya tumbo. Kipimo ni cha damu tu. Kipime pamoja na wingi wa damu, presha na sukari, angalau miezi miwili kabla. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito waamue na daktari, si na kundi la WhatsApp.

Muulize daktari huyohuyo kuhusu asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inausaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini haifuti kosa la ratiba fupi. Vidole vitachonyota na utaamka usiku kwenda msalani zaidi, usishtuke. Ila kama uliwahi kubabuka au kuvimba kwa dawa za salfa, kwa mfano SP ya malaria, mweleze kabla hajakuandikia.

Yote haya hayana maana usipokuwa mkweli kwa mwongozaji. Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni, na kila jioni wengi wao watakuuliza: umekula? Umelala? Kichwa vipi? Watu wanadanganya kwa kuogopa kurudishwa, wanameza panado kimyakimya. Kwenye safari yangu ya pili, jioni ya Kibo, mwongozaji wetu alimtazama dada mmoja wa kundi akiinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa akiifunga kamba ileile kwa mara ya tatu. Akachora mstari vumbini kwa fimbo yake, akasema, “Dada, hebu nipitie hapa juu, kisigino kiguse vidole.” Hatua mbili zilienda vizuri. Ya tatu ilitoka nje ya mstari, ya nne akamshika mwongozaji bega. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu usiku wa Horombo, hakumwambia mtu. Hakukuwa na mjadala. Msaidizi wa mwongozaji alichukua begi lake, wakashuka kabla giza halijaingia, na asubuhi iliyofuata tulisikia kwa redio kwamba amekunywa chai na kuomba chapati. Kuyumba namna ile, au kuongea mambo yasiyoeleweka, ni dalili kwamba ubongo unavimba. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, na kikohozi kisichokuachia, ni dalili ya maji kwenye mapafu. Dawa yake ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Hivyo kabla ya kulipa, iulize kampuni: kundi la watu kumi lina waongozaji wangapi? Kama ni mmoja, nani atashuka na mgonjwa? Wana oksijeni, wana kipimo cha oksijeni cha kidoleni? Anayekwepa kujibu, mwache.

Uliza pia kuhusu wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mzigo wa mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, na hupimwa getini. Wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema la namna gani? Ni kaka zetu wale, na baridi inawauma kama inavyokuuma wewe. Bakshishi ipangeni mapema na kuitenga, msianze kuchangishana siku ya mwisho getini Marangu.

Mazoezi yaanze miezi mitatu kabla. Anayeishi Dar apande ngazi za jengo refu akiwa na begi la kilo nane mgongoni, kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, na mwishoni mwa mwezi aende Uluguru au Lushoto akatembee siku mbili mfululizo. Wa Nairobi ana Ngong. Mlima Meru ni shule bora kuliko zote, unazidi mita 4,500, na unapanda ukisindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Zoeza kushuka pia. Siku ya kilele utatoka Kibo saa sita usiku, utapanda kokoto zinazokurudisha nyuma nusu hatua kwa saa sita au zaidi, kisha siku hiyohiyo utashuka hadi Horombo. Magoti ndiyo yanayolia.

Nguo hazihitaji utajiri. Moshi, kwenye soko la mitumba la Memorial, makoti ya theluji na masweta mazuri yanapatikana kwa bei ya kawaida, na vifaa kama mfuko wa kulalia na fimbo vinakodishwa mjini. Ukikodi mfuko, ufungue wote, ingia ndani, vuta zipu mpaka juu. Usikubali kuupokea ukiwa umefungwa. Acha jinzi na fulana za pamba, zikilowa jasho hazikauki na zinakunyonya joto. Kileleni usiku joto hushuka nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri, hivyo vaa tabaka: nguo ya kubana mwilini, sweta, koti zito, kisha koti la kuzuia upepo na mvua. Glovu mbili, nyembamba ndani ya nene, maana kuna wakati utahitaji vidole kufungua peremende. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, nunua za kudumu zenye uwezo wa lita tatu kwa jumla. Usiku ule zigeuze kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na ukizigeuza mdomo wa chupa unabaki wazi. Mrija wa begi la maji utaganda kabla hujamaliza saa mbili. Simu na betri za taa ya kichwani zilale nawe ndani ya mfuko, baridi inazimaliza.

Hamu ya kula itaondoka. Beba unachokipenda hata ukiumwa: karanga, kashata, tende, tangawizi. Mpishi akileta mtori au supu, malizeni bakuli.

Na sasa buti, maana ndizo mlizoziuliza. Zifunike kifundo cha mguu, ziwe kubwa kidogo kuliko saizi yako, na ujaribu ukiwa na soksi nene, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Nunua miezi miwili kabla na uzivae kwenye kila zoezi, hata sokoni. Siku ya kusafiri usizitie kwenye begi la kupakiwa chini ya basi, zivae. Siku mbili kabla ya kuanza kupanda kata kucha za miguu, zote, fupi kabisa, kwa sababu mteremko wa kutoka kileleni utazigonga kwenye ncha ya kiatu mpaka Horombo.