Namna ya Kuomba Ziara ya Mafunzo ya Kimataifa kwa Daktari Bingwa wa Mifupa

Daktari bingwa wa mifupa wa Dar es Salaam anayetaka kuomba ufadhili wa ziara ya mafunzo katika hospitali za nje hana budi kuanzia wodini kwake kabla ya kugusa fomu yoyote. Atazame ni tatizo gani linalomrudia na kumshinda: pengine ni vijana wa bodaboda waliovunjika muundi, mfupa ukachomoza nje ya ngozi, na kidonda kikatunga usaha kabla mfupa haujaunga. Swali moja la namna hiyo, likiambatana na idadi ya wagonjwa aliowatibu mwenyewe, lina uzito kuliko kurasa tatu za kuisifu taasisi mwenyeji.

Swali hilo ndilo limwongoze kuchagua pa kwenda. AO, taasisi ya madaktari wapasuaji wa mifupa iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1958, inajulikana zaidi kwa tiba ya mivunjiko, ilhali SICOT, chama cha kimataifa cha madaktari wa mifupa kilichoundwa Paris mwaka 1929, kinagusa karibu matawi yote ya fani hii. Apime pia kama atakachojifunza kitatendeka nyumbani. Msumari wa SIGN, chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa uliovunjika ili kuushikilia, ambao umetumika Muhimbili kwa miaka mingi, unafaa mazingira yetu kwa sababu skrubu zake hufungwa bila kutegemea mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Aulize mapema kama atakwenda kutazama au kushika kisu. Marekani, mgeni asiye na leseni ya huko kwa kawaida hutazama tu, na kwa mtu aliyezoea kupasua kila siku, wiki kadhaa za kuchungulia mabegani mwa wenzake ni ndefu (ingawa mwenye maswali mazuri hutoka na mengi).

Nyaraka zisisubiri: cheti cha hadhi njema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, wasifu, barua za wadhamini, na idhini ya mkuu wa idara inayotaja atakayeshika zamu zake. Mtumishi wa umma aombe kibali cha kusafiri nje mapema, na akumbuke kwamba viza ya muda mfupi ya nchi za Ulaya za eneo la Schengen haizidi siku 90 katika kipindi cha siku 180.

Aya ya mwisho ya barua ya maombi ieleze ni akina nani atakaowafundisha akirejea, lini, na kwa vifaa vipi ambavyo tayari vipo.